Ndege wanamaliza lokwati zangu kabla sijaonja, nifanye aje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kahawa Sukari: "Habari mwalimu. Nyuma ya nyumba niko na mlokwati mkubwa, mipera miwili na mwembe wa kupandikiza. Mwaka wa tatu huu sijaonja lokwati, zikianza tu kuwa njano ndege wanazimaliza. Nimefunga CD, nimevalisha msalaba koti kuukuu la mzee, wapi. Jirani anasema ninyunyize maji ya pilipili, na mzee amechoka anataka kununua dawa achanganye na mchele. Mapera nayo yanaanguka yakiwa na mashimo. Nifanye aje?"

Mama, pole sana. Miaka mitatu bila kuonja tunda la mti uliopanda mwenyewe inauma. Kabla ya kitu kingine mwambie mzee huo mchele auweke chini kwanza, nitarudi kwake.

Tuanze na mwizi ni nani, juu watu wengi wanasema tu "ndege" halafu wanapigana na mtu hata hayuko. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi jitengenezee chai, kaa kwa mlango wa jikoni, tulia tuli, angalia huo mti mpaka kama saa tatu. Asubuhi moja tu inatosha. Hapo kwenu mimi naweza kubeti kwamba wa kwanza utakayemwona ni kuzumburu, wengine wanamwita pasa, yule wa rangi ya udongo uliofifia, kichwani ana kishungi, mkia mrefu kushinda mwili mzima, anatembea kwa matawi kama panya na kuning'inia vile anataka. Huyo haji peke yake, ni kundi, na wakihama kutoka mti huu kwenda ule wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa shule wanavuka barabara. Kukiwa na baridi utawaona kwanza juu ya kichaka wamefungua kifua wanaota jua, wakishapata joto ndio wanashuka kwa meza, na ndio maana nimekwambia ukae mpaka saa tatu, ukitoka saa moja utasema hakuna mtu.

Shida ya kuzumburu ni kwamba hachagui. Anakula tunda bichi, tunda limeiva, maua, vichipukizi, majani. Kama uko na spinachi hapo nyuma na imeraruliwa kama mtu ameikata na makasi butu, ndiye yeye pia. Mwingine ni shore, yule wa kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, anayepiga kelele alfajiri kabla hata kengele ya simu yako, huyo anangoja tunda liive. Halafu kuna kwezi mweusi ambaye akiruka unaona mabawa ya rangi ya kutu, anapenda kukaa kwa paa za maghorofa na kupiga mluzi, wakija kwa mti wa lokwati wakiwa kumi wanaweza kuumaliza asubuhi moja. Na kuna kale kadogo ka kijani kenye duara jeupe kwa macho, kinengenenge, hako mara nyingi kanaonja tu shimo lililotobolewa na wengine kwa hivyo usikahesabu sana.

Lakini ukikaa mpaka saa tatu na usione mtu wa maana na bado lokwati zinaisha, basi mwizi wako ni wa usiku. Popo wa matunda anaacha alama yake, chini ya mti utakuta vibonge vya nyuzinyuzi, anatafuna anafyonza maji halafu anatema makapi. Panya naye anaacha mifereji miwili miwili ya meno. Nawataja hawa kwa sababu CD inayometameta haina maana yoyote kwa mtu anayekuja saa nne usiku. Kama ungekuwa unakaa upande wa Gigiri au karibu na Karura ningekuuliza pia kuhusu kima, na hapo ningekuwa na habari mbaya maanake kima neti anaifungua kama wewe unavyofungua pazia.

Sasa mapera. Hapo mama acha nikuambie ukweli, sidhani ni ndege. Okota moja lililoanguka, lipasue katikati. Ukikuta funza weupe wadogo wanarukaruka, huyo ni nzi wa matunda, anatoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani, tunda linaoza na kuanguka, halafu ndege anakuja kumalizia na lawama yote inamwangukia yeye. Huyu nzi mbaya tulionaye sasa hivi asili yake ni Asia, wataalamu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, ndio walimgundua hapa Kenya mwaka 2003, na toka hapo amesambaa karibu Afrika yote. Neti ya ndege haimzuii kabisa. Dawa yake ya kwanza ni uvivu uishe, kila jioni okota yote yaliyoanguka, usiyaache chini na usiyatupe kwa mbolea hivyo hivyo, yazike futi mbili chini au uyafungie kwa gunia la plastiki uliweke juani wiki nzima mpaka funza wafe. Dawa ya pili ni kuvalisha mapera mifuko yakiwa bado madogo kama ndimu, na hiyo inazuia nzi na ndege pamoja, kazi moja faida mbili.

Turudi kwa lokwati maana ndiyo iliyokutoa machozi. Msimamo wangu, na nimeufikia baada ya kujaribu karibu kila kitu mtu anaweza kujaribu, ni huu: ndege humtishi, unafunika tunda. Hivyo vitu vingine vyote vinakununulia siku kadhaa tu. Na bahati nzuri hufuniki mwaka mzima, ni zile wiki chache kutoka tunda linapoanza kugeuka rangi mpaka uchume.

Kufunika ni kwa njia mbili. Ya kwanza ni neti juu ya mti mzima, na hapa watu wanakosea sana hata mimi nilikosea. Miaka mingi iliyopita nilinunua neti ya matundu makubwa, nyuzi nyembamba nyeusi, rahisi sana, nikaitupa juu ya mti kama blanketi nikafunga safari ya ushago wikendi. Jumapili jioni kurudi nikakuta shore wawili wamenaswa, mmoja ameshakufa na mwingine amejikaza mpaka uzi umeingia kwa mguu, ikabidi nimkate mos mos na makasi ya kucha huku ananidonoa. Mjusi pia alikuwa amenaswa. Toka siku hiyo kipimo changu ni kidole: neti ambayo kidole changu kinapita, siinunui. Kule jimbo la Victoria nchini Australia wamefanya hiyo iwe sheria kabisa, tangu Septemba 2021 neti ya miti ya matunda ya nyumbani inatakiwa tundu lisizidi milimita 5 kwa 5 hata ukiivuta. Hapa kwetu hakuna anayekuja kukupimia lakini kipimo ni kizuri, kitumie. Chagua nyeupe kuliko nyeusi, ndege anaiona vizuri na anaikwepa.

Unapata wapi? Agroveti kubwa wanauza neti ya wadudu ya greenhouse kwa mita, hiyo ni nzuri na inavumilia jua. Kama mfuko umelegea nenda Gikomba kwa wanaouza mapazia ya mitumba, zile neti nyeupe za dirishani, tafuta mbili tatu pana uzishone pamoja. Jua litazimaliza mapema kuliko ya agroveti lakini msimu mmoja au miwili utakula. Shade neti nzito ya kijani usiweke, inafungia unyevu na mvua ikinyesha utapata ukungu kwa matunda.

Kupima ni rahisi. Chukua kamba, irushe juu ya mti itoke ardhi upande huu mpaka ardhi upande ule, halafu fanya tena ukikatisha upande mwingine. Mti wa urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 3 unahitaji kama mita 8 kila upande, ongeza nusu mita ya kukunja chini. Neti usiilaze juu ya majani moja kwa moja kwa sababu mbili, matawi yatachipuka kupitia matundu na siku ya kuitoa utalia, na tunda linalogusa neti ndege analidonoa kutoka nje bila wasiwasi. Pigilia fito nne au tumia paipu za PVC uzikunje kama upinde juu ya mti, kwa ncha za fito vika chupa za plastiki za soda ndio neti iteleze isipasuke. Ivute ikaze, ndege hunaswa na neti inayolegea. Halafu chini, hapa ndio wengi wanalala, chini ifunge yote, ama uikusanye kwa shina uifunge na kamba ama uiache ifike ardhini uilalie na mawe na mbao, kuzumburu anatembea, akikuta nafasi ya ngumi anaingia na kutoka hajui, unampata ndani kama kuku. Pita hapo asubuhi na jioni ukaangalie.

Na usiweke neti mti ukiwa na maua. Nyuki wakose njia halafu useme mwalimu alikudanganya.

Najua sai unasema mlokwati wangu ni mkubwa, neti gani itafunika mti wa kimo cha paa. Ndio hivyo. Mwaka huu hutafunika mti wote, na usijaribu kupanda ngazi na neti, nimeona watu wakivunjika. Mwaka huu tumia njia ya pili, mifuko. Lokwati inazaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, hiyo ni zawadi kwako maana kishada kizima unakivalisha mfuko mmoja. Zikiwa bado kijani na ngumu, punguza kwanza, kila kishada kiache matunda manne mpaka sita yaliyo mazuri, zitakuwa kubwa na tamu kuliko zile kumi na tano zinazobanana. Halafu vika mfuko wa khaki, ile ya duka inayowekwa mkate au sukari, funga mdomo kwa kikonyo na kamba ya katani au kibanio cha nguo, toboa katundu kamoja chini maji yatoke. Gazeti pia linafaa wakati wa jua lakini kwa mvua ndefu za Machi mpaka Mei litakuwa uji siku ya pili. Plastiki hapana, tunda linatoa jasho linaoza, na isitoshe hiyo mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Vile vimfuko vya neti vya zawadi za harusi vinatumika pia, ila kifunge kikiwa kimelegea, kikibana tunda ndege anadonoa kupitia humo humo. Vika vishada thelathini vile unavyofikia ukiwa umesimama chini, vile vya juu kabisa waachie wenyewe. Mimi hata sioni kama ni hasara, wakiwa na chakula juu hawasumbuki kuchunguza khaki yako chini.

Ukishachuma, kama siku ile ile, ita kijana mwenye msumeno mkali. Mlokwati ukatwe ushuke, usiumalize wote mara moja, ondoa matawi makubwa mawili matatu ya katikati yanayoenda juu mwaka huu na mengine mwaka ujao mpaka ubaki kimo unachofikia na mkono ukiwa juu ya kiti. Ukichelewa kukata utakata ncha ambazo zingezaa msimu unaofuata, ndio maana nasema mara tu baada ya kuchuma. Mipera yenyewe haina maneno, inazaa kwa machipukizi mapya, ikate hata sana itakushukuru. Mti mfupi ni rahisi kuvalisha neti, ni rahisi kuchuma, na utaokota yaliyooza bila kumwita mtu.

Sasa kuhusu CD na koti la mzee. Havikuwa vibaya, vilikaa sana. Ndege ana akili mama, siku ya kwanza anaogopa, siku ya nne anaangalia kwa mbali, wiki ya pili amesimama kwa bega la hilo koti anapanguza mdomo. Ukitaka kuvitumia, viweke tu siku zile tunda linageuka rangi, vihamishe kila baada ya siku mbili tatu, ubadilishe kimoja kwa kingine, na ukichuma utoe vyote kabisa visikae mwaka mzima kama mapambo. Hata hivyo kwa kuzumburu mwenye njaa tegemea siku chache tu. Na ukikuta kile kidude cha kuchomeka kwa stima wanachosema kinatoa sauti ambayo binadamu hasikii lakini ndege wanakimbia, weka pesa yako kwa mfuko, ndege wengi masikio yao yanaishia chini ya yetu, sauti ambayo wewe huisikii yeye ataisikia na nini?

Maji ya pilipili ya jirani yananichekesha kila mwaka. Kile kitu ndani ya pilipili kinachotuchoma sisi, ulimi wa ndege hauna habari nacho, kwake ni kama maji tu. Ile pilipili kichaa inayojiotea chini ya fensi bila mtu kuipanda, unadhani nani aliileta? Shore alikula akaja kuipanda na kinyesi. Ukinyunyiza pilipili utamsumbua panya na labda popo, na wewe mwenyewe ukila lokwati na mjukuu akijipangusa macho, lakini ndege atakula kama kawaida.

Mzee sasa. Mwambie kwa heshima yote kwamba hesabu yake haitoki. Kuzumburu si mla nafaka, anakula matunda na majani, shore na kwezi nao ni matunda na wadudu. Mchele wenye sumu utaliwa na njiwa, shomoro na kuku wa jirani, yaani utaua wote ambao hawajawahi kugusa lokwati yako na wezi wataendelea na kifungua kinywa. Aliyekula sumu mara nyingi hafi hapo hapo, anaruka anaangukia kwa uwanja mwingine, paka anamla, mwewe anamla, mtoto anamwokota. Na ndege wa porini kisheria ni mnyamapori kama twiga, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda hata akiwa kwa mti wako, mzee asije akajieleza kwa KWS, wale wa shirika la wanyamapori, kwa ajili ya lokwati. Ulimbo pia asifikirie, mguu wa ndege ukishanata kwa ile gundi ni kifo cha siku nzima. Manati nayo, mwishowe utalipa kioo cha mtu.

Kitu kingine niulize, fensi yenu ni kayaba? Kahawa yote imejaa kayaba na bougainvillea. Kama imeachwa ikawa msitu, hapo ndipo kuzumburu wanapolala wamejibana kama mkungu wa ndizi na kutoka ni hatua mbili wafike kwa mti wako. Ipunguze iwe nyembamba upande ule ulio karibu na mlokwati, lakini uangalie kwanza kama kuna kiota chenye makinda ndani, kama kiko ngoja watoke. Na wakati wa ukame, Januari mpaka mvua zije, ndege wengine wanadonoa tunda kwa sababu ya kiu tu, beseni la maji pembe ya mbali ya uwanja linaweza kupunguza kidogo. Sikuahidi sana hapo, kwangu lilisaidia kwa shore, kuzumburu hata hakuangalia. Likiweko badilisha maji kila siku mbili, mbu wasikuletee kesi nyingine.

Kuhusu mwembe hujasema una shida, na embe ina faida ambayo lokwati haina: ukiichuma imekomaa lakini bado ngumu inaivia ndani ya nyumba. Kwa hivyo mabega ya embe yakishajaa na nyama kwa ndani imeanza kuwa ya njano, chuma, panga kwa katoni chini ya kitanda. Lokwati ukichuma kijani itabaki chachu mpaka itupwe, hiyo lazima iivie mtini, ndio maana khaki zako zote zipeleke huko kwanza na mwembe ungoje zikibaki.